Damu Moja, Madole Mawili

"Damu haidanganyi, Inspekta. Watu ndio waongo."

Profesa alisema hivyo akasukuma karatasi mbili mezani, moja kando ya nyingine. Alikuwa mtu mrefu mwenye koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likakakamaa, na alizungumza na polisi kama mwalimu anavyozungumza na mzazi aliyechelewa kwenye kikao.

Inspekta hakuzigusa zile karatasi. Kituoni walimwita Mama Dole, na si kwamba alikuwa na mtoto wa jina hilo. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kusoma alama za vidole, hata ikafika mahali mtu akimpa mkono, yeye hutazama dole gumba kwanza, uso baadaye.

"Nieleze kama unamweleza mtu aliyeiacha biolojia kidato cha pili," alisema. "Maana ndivyo ilivyo."

Profesa akashusha pumzi. Taasisi yake, alieleza, inatafuta ndani ya jeni chanzo cha saratani ya damu kwa watoto. Kila mtoto anayeugua hutolewa kichupa kimoja cha damu kabla hajaanza dawa. Kisha hutafutwa watoto wazima wa umri uleule mashuleni, ili damu yao ilinganishwe na ya wagonjwa. Vichupa huandikwa namba tu. Majina hukaa kwenye kabati la chuma, na ufunguo hukaa shingoni mwake.

"Namba 41 ni msichana wa miaka saba, yuko wodini ghorofa ya pili. Namba 118 ni mtoto mzima wa shule, msichana pia. Aliyekwenda shuleni kuchukua damu hiyo ni mtaalamu wangu wa maabara, huyo ambaye watoto wanamwita Anti Sindano. Sasa tazama. Mashine inasema 41 na 118 ni mtu mmoja. Si ndugu, si binamu. Mtu mmoja!"

"Mashine ikikosea?"

"Nimerudia mara tatu. Na kuna jambo jingine. Ugonjwa huu huanzia pale kromosomu mbili zinapokatika na kuungana vibaya. Kila mgonjwa hukatika mahali pake."

"Kama kuchana karatasi," Inspekta alisema. "Karatasi mbili hazichaniki sawasawa."

"Naam. Kromosomu za vichupa hivi viwili zimechanika mahali pamoja, herufi kwa herufi. Kwa hiyo hakuna mtoto wa shule. Sindano alichota damu ya mgonjwa, akaitia kwenye kichupa kingine, akatuletea eti ametoka shuleni. Njia ya mwongo ni fupi."

"Kanuni yenu inasemaje vichupa viwili vikionekana ni mtu mmoja?"

"Cha pili kinafutwa. Palepale. Hatuwezi kumhesabu mtu mara mbili."

"Hampigi simu kwanza?"

"Kumpigia nani? Mtu hayupo."

Akafungua daftari la friza, jalada gumu, mistari iliyopigwa kwa rula. Mstari wa 118 ulikuwa umekatwa kwa wino mwekundu, na pembeni, kwa mwandiko mzuri wa Profesa, palikuwa na neno moja: Hayupo.

Sindano, aliyeitwa kuhojiwa, alikuwa kwenye chumba cha friza, ameketi kwenye kigoda bila koti lake jeupe. Lilikuwa limechukuliwa pamoja na kitambulisho wiki tatu zilizopita. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka thelathini na kitu, na alikuwa amelia kabla hawajaingia, lakini sasa alikuwa amekasirika, na hasira ilimpendeza zaidi.

"Ulikwenda shuleni?" Inspekta alianza.

"Nilikwenda. Jumanne, saa nne kasoro. Daftari la getini nimesaini."

"Kusaini getini si kuchoma sindano."

"Hayo maneno ni ya Profesa, si yako."

Inspekta nusura acheke. "Mtoto alikuwaje?"

"Mwembamba, mdomo hauna breki. Hakulia hata kidogo. Alipoona damu inapanda kwenye kichupa akaniuliza, 'Anti, ukimaliza kuitumia utairudisha?' Mtu hatungi swali kama hilo, Inspekta. Mimi kichwa cha kutunga sina, ningekuwa nacho ningemtungia Profesa uongo mzuri zaidi."

"Unaogopa kufungwa?"

"Nani haogopi? Lakini nisikilize, dada yangu. Kama mimi mwongo, nifungwe yaishe. Kama si mwongo, basi yule mtoto ana mbegu ya ugonjwa kwenye damu yake, anaruka kamba huko shuleni, na sisi tumemfuta kwa wino mwekundu. Wiki ya tatu leo. Hilo ndilo linaloninyima usingizi."

Inspekta aliacha kuandika. Alikuja hapa kwa kesi ya kughushi vipimo, kesi ya karatasi, ya kumalizwa kabla ya chakula cha mchana. Sasa kesi ilikuwa na mtoto ndani yake.

"Kitoeni kichupa namba 41," alisema.

Profesa alivaa glavu akakitoa mwenyewe. Daftari lilisema zilitolewa mililita tano, mashine ikatumia moja. Damu iliyoganda ilifika kwenye mstari wa nne barabara, haikupungua hata tone.

"Basi alikwenda kuchota nyingine wodini," Profesa alisema haraka.

"Labda. Niambie, katika chembe mia za damu ya 41, mbaya zilikuwa ngapi?"

"Themanini."

"Na kwenye 118?"

"Mbili. Au tatu."

"Mbona zimepungua hivyo?"

"Aliichanganya na damu ya mtu asiyeumwa, ili ionekane ya mtoto wa shule. Si mjinga."

"Angechanganya damu ya watu wawili, mashine yako ingemwona huyo wa pili?"

Friza ilinguruma.

"Ingemwona," Profesa alisema.

"Ilimwona?"

"Hapana."

Sindano aliinua uso. Inspekta hakumtazama, kwa sababu ushahidi nusu ni hatari kuliko kukosa ushahidi kabisa, na yeye alikuwa ameshaona watu wakipewa matumaini saa tano na kunyang'anywa saa sita.

"Mtoto hawezi kusaini," alisema. "Mlichukuaje ridhaa yake?"

"Mzazi husaini fomu," Profesa alijibu. "Mtoto huchovya dole gumba kwenye wino wa bluu na kupiga kwenye kadi, kuonyesha naye amekubali. Wa wodini hupigishwa na nesi, wa shule na Sindano. Ni taratibu tu, kuwafurahisha watoto. Ziko kwenye boksi la viatu, nadhani. Hakuna anayezitazama."

Inspekta Mama Dole alivua saa yake ya mkononi, akaiweka mezani. Waliomjua kituoni wangejua maana ya kitendo hicho.

"Lete boksi."

Kadi zilikuja. Alitoa lensi mkobani, akaziweka 41 na 118 chini ya taa, na kwa mtazamo wa kwanza akaona zimefanana. Madole yote mawili yalikuwa na mizunguko, duara ndani ya duara, kama maji yaliyotupiwa kokoto, na duara zote zimeinamia kushoto. Profesa alikunja mikono kifuani. Sindano alifumba macho.

Lakini kusoma dole si kutazama picha. Inspekta alianzia katikati akahesabu mistari kwenda nje, kalamu yenye ncha ikimwongoza, midomo ikicheza bila sauti. Dakika zikapita. Mtu alikohoa ukumbini. Mstari wa nne wa 41 uligawanyika kama njia panda. Mstari wa nne wa 118 ulikwenda moja kwa moja, ukakatika. Chini yake, 118 ilikuwa na kijistari kifupi kilichojitenga peke yake. Kwenye 41 hapakuwa na kitu. Akafikisha tofauti kumi na moja, akaacha kuhesabu.

"Sindano, nipe dole lako."

Alilipaka wino, akalikandamiza kwenye karatasi. Mistari ya mtu mzima, minene, yenye nafasi. Ya kadi ilikuwa imebanana kama meno ya kitana cha kuchania chawa.

"Dole la 118 ni la mtoto," alisema. "Si la Sindano, na si la mtoto wa 41. Profesa, hawa ni watu wawili."

"Haiwezekani. Damu ni moja!"

"Damu moja, madole mawili. Miaka kumi iliyopita nilikamata wezi wawili wa pikipiki. DNA ilituonyesha mtu mmoja, tukakwama wiki nzima. Vidole ndivyo vilivyotutoa. Unajua wale wezi walikuwa nani?"

"Mapacha wa kufanana," Profesa alisema, lakini akatikisa kichwa. "Hilo nililifikiria siku ya kwanza, mimi si mwanafunzi. Nikafungua fomu. Mama wawili, anwani mbili, na kila mmoja kaandika mtoto wake ni wa pekee. Hata tarehe ya kuzaliwa haifanani."

"Tarehe gani?"

Profesa alisita, akashika ufunguo shingoni. Inspekta akamwonyesha kibali cha mahakama, naye akaenda kabatini. Alisoma kwa sauti. "Tarehe thelathini mwezi wa sita. Na huyu mwingine, tarehe mosi mwezi wa saba."

"Mwezi wa sita una siku ngapi, Profesa?"

Profesa alitafuta mahali pa kukaa, akakosa, Sindano akasimama akamwachia kigoda chake.

"Mmoja kabla ya saa sita usiku," alisema baadaye, taratibu, "mwenzake baada yake. Nilitazama tarehe nikaona mbili. Sikuona kwamba zinafuatana."

"Mwenye macho haambiwi tazama," Sindano alisema chinichini. Profesa alilisikia, akalimeza.

"Mapacha nimewaelewa," Inspekta alisema. "Lakini ugonjwa? Kuchanika mahali pamoja, herufi kwa herufi? Hilo nalo walizaliwa nalo?"

Na hapo Profesa alibadilika. Ukali ulimtoka, na sauti iliyobaki ilikuwa ya mtu aliyeingia mahali patakatifu akiwa bado na viatu.

"Walikuwa na kondo moja la nyuma. Mishipa ya mmoja imeungana na ya mwenzake, damu inakwenda na kurudi. Siku moja, pengine mimba ina miezi sita, ndani ya mmoja wao, katika chembe moja tu, moja kati ya mabilioni, kromosomu mbili zilikatika. Chembe ile ikazaa. Na vizazi vyake vikafuata damu, vikavuka kwa mwenzake, vikatulia huko. Hawajazaliwa bado, Inspekta. Hawana hata majina."

"Chembe hizo zimekaa kimya miaka saba?"

"Miaka saba. Katika nyumba mbili tofauti. Nimesoma jambo hili vitabuni. Sikutegemea kulikuta kwenye friza yangu." Akatazama daftari. "Na nilipolikuta, nikalifuta."

Inspekta alikuwa amesaka watu kwenye mabomba, kwenye mapaa, kwenye magunia, lakini hajawahi kufuata nyayo zilizoanza kabla anayefuatwa hajazaliwa. Aliogopa, na hofu ile ilikuwa karibu sana na furaha.

"Huyo wa pili naye ataugua?"

"Si lazima. Chembe hiyo huhitaji kuharibika tena ndipo ugonjwa uanze. Wengine hubaki wazima maisha yao yote. Lakini mtoto wa namna hii hupimwa kila mara. Hafutwi."

"Basi twende tukamtafute."

Wodini ghorofa ya pili, mtoto wa 41 alikuwa amelala, kichwa kisicho na nywele kiking'aa, shavu limevimba kwa dawa. Mama yake alikuwa akikunja nguo ndogo juu ya mapaja. Inspekta alivuta kiti karibu.

"Mama, pole na mgonjwa. Nina swali moja. Ulijifungua watoto wangapi?"

Mikono ilisimama. "Mmoja," mama alisema. Kisha akaitazama ile nguo kana kwamba nayo imemsikia akidanganya, na machozi yakaanza. "Yuko hai? Niambie kwanza. Yuko hai?"

"Yuko hai."

Yakamtoka yote, bila kuulizwa. Dada yake mkubwa alikuwa ameharibikiwa na mimba tatu. Yeye, mdogo mtu, akajaliwa wawili kwa mara moja. Usiku uleule akampa mmoja, kwa hiari, kwa sababu mtoto wa dada ni mtoto. Baada ya miezi mitatu matiti yakamkumbusha, akaenda kumdai. Walitukanana matusi ambayo ndugu hawayasahau. Dada akahama, akabadilisha simu, na tangu hapo mlango ukafungwa.

"Mimi ndiye mkosaji," alisema. "Ukishatoa, umetoa. Lakini anaumwa? Ndiyo maana mmekuja?"

"Hatujui bado," Inspekta alisema. "Ndiyo maana tunakwenda."

Nyumba ilikuwa nusu saa tu kutoka hospitali. Cherehani ililia barazani, na aliyekuwa nyuma yake, mwanamke mnene mwenye futi ya kupimia nguo shingoni, aliwakaribisha vizuri mpaka aliposikia neno "mdogo wako". Hapo mguu ukatoka kwenye pedali.

"Kumbe! Amekutumeni. Miaka saba ameshindwa, sasa analeta polisi! Mtoto wangu sitoi. Nendeni mkamwambie."

"Hajatutuma, dada. Hata hakujua unaishi wapi."

"Usinifanye mtoto mdogo!"

Mlango ukafunguka, akatoka msichana mwembamba aliyevaa sare ya shule saa ambayo wenzake walikuwa darasani. Alimwona Sindano, akaangaza uso.

"Anti Sindano! Shikamoo. Umeirudisha damu yangu?"

Inspekta alikuwa akitazama chini, kwenye miguu ya mtoto. Kuanzia magotini hadi vifundoni palikuwa na madoa ya zambarau iliyokoza, mapya juu ya ya zamani.

"Amerudishwa na mwalimu, ana vijihoma," fundi cherehani alisema. "Na hayo ni kuangukaanguka. Hatulii."

"Mama, mimi sianguki," mtoto alisema. "Yanakuja yenyewe."

Inspekta hakubishana. Alitoa zile kadi mbili, akaziweka juu ya kitambaa kilichokuwa chini ya sindano ya cherehani.

"Hili ni dole la binti yako. Hili ni la yule mwingine. Yule yuko hospitali miezi minne sasa, ana saratani ya damu. Ilianzia tumboni, dada, wakiwa pamoja. Mdogo wako hana haja ya kukunyang'anya mtoto. Mwenye haja hiyo ni huu ugonjwa. Tukimpima leo, tunaweza kuuwahi. Usipoziba ufa..." Hakumalizia. Kila mtu anajua kinachofuata.

Fundi cherehani alizitazama kadi muda mrefu. Alikuwa mtu wa kupima kwa jicho, na jicho lake lilikwenda kutoka dole hadi dole, kutoka dole hadi kwenye miguu ya mtoto.

"Miezi minne," alisema. "Na hakuna aliyeniambia."

Akasimama, akamshika mtoto mkono, wakatoka. Ndani ya gari ndipo Inspekta alipoona kwamba mwanamke yule alikuwa amevaa ndala mbili zisizofanana.

Wodini dada wawili walitazamana kutoka pande mbili za kitanda. Inspekta alijiandaa kuamua ugomvi, kwa maana alikuwa ameshaamua mingi. Mdogo ndiye aliyeanza. Alipiga goti kidogo, jambo ambalo pengine hakuwa amelifanya tangu utotoni.

"Shikamoo, dada."

Yule mkubwa alizunguka kitanda, akaja upande wake.

"Marahaba, mdogo wangu," alisema, akapitisha mkono juu ya kichwa kitupu cha mtoto aliyelala, polepole, kama anayelainisha kitambaa cha thamani.

Sindano alimchoma mtoto wa 118 mwenyewe. Kichupa kiliandikwa na Profesa.

Saa tatu zilizofuata Inspekta alikaa ukumbini na fomu yake ya taarifa. Mahali pa tukio: aliandika tumboni mwa mama. Tarehe: alikokotoa, akaandika miezi mitatu kabla ya kuzaliwa kwa waathirika. Mtuhumiwa: hapo kalamu ilisimama. Mkuu wake angesema Mama Dole sasa ameanza kuzeeka. Akaandika: chembe moja. Alilitazama neno hilo, na ukubwa wa jambo lile ukamjia tena, akalazimika kuvua miwani.

Mlango wa maabara ukafunguka. Profesa alikuwa na daftari la friza kwapani na koti jeupe mkononi, halikuwa lake, lilikuwa fupi. Alimpita Inspekta akaenda moja kwa moja kwa Sindano.

"Ugonjwa umeanza," alisema. "Lakini umeanza juzi. Anaingia kwenye dawa kesho asubuhi, na ugonjwa wa aina hii, ukiuwahi, watoto wengi hupona. Wiki tatu zile nilizokaa na jibu lake mezani..." Akamnyooshea koti. "Nisamehe."

Sindano alilichukua koti, akalivaa, akafunga vifungo kimoja kimoja. Alitoa kalamu ya bluu mfukoni mwa koti, ilimokuwa tangu siku aliyofukuzwa, akampa.

Profesa alifungua daftari kwenye mstari uliokatwa kwa wino mwekundu. Alilikata lile neno lake, mara moja, kwa rula. Pembeni yake, mbele ya wote, akaandika: Yupo.